Kipande cha chuma ni mali ya nani? Namna ya kupunguza upotevu wa vyuma vya betoni katika shantiye zetu

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Bunia. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.)



Sisi tunaofuata shantiye za chama tuliombwa kusema juu ya devi, juu kila mara devi inakuja na swali lile lile: kwa nini vyuma vinaisha mbele ya nyumba kuisha? Swali ni la haki. Pesa iliyonunua vile vyuma ni mchango wa kila mwezi wa mama anayeuza makala au samaki wa Tchomia, imechanganyika na pesa ya wafadhili. Kila mtu ana haki ya kujua chuma chake kilienda wapi.

Wote tunajua tunatoka wapi. Tangu Desemba 2017, wakati Djugu ilipowaka tena, watu wengi wa chama hiki walipitia maisha ya turubai: kwenye uwanja wa ISP, Kigonze, ao kwa jamaa mjini. Leo wengine wamerudi kijijini, wengine wamebaki Bunia na wanaanza upya. Anayerudi anakuta msingi na majani. Ndiyo maana chama kinasaidia kujenga: nyumba ya matofali yenye nguzo na shenaji, choo, chumba cha darasa. Na hapo ndipo chuma cha betoni kinaingia, kile ambacho wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaita nondo.

Chuma hiki hakitoki hapa. Sehemu kubwa inatoka Uganda, inapita Mahagi ao Aru, inashuka kwa barabara hadi Bunia. Siku barabara inafungwa, bei inapanda. Kila kizuizi kinachomlipisha dereva, sisi ndio tunakirudisha dukani. Kwa hiyo kipande cha metri 1,80 kinachotupwa nyuma ya shantiye kimesafiri safari ile ile, na kimelipiwa bei ile ile kama chuma kilicho ndani ya nguzo.

Kwa wafadhili wanaouliza juu ya mazingira, tuongeze hili. Kutengeneza tani moja ya chuma kunatoa, kwa wastani wa dunia, karibu tani 2 za hewa ya kaboni. Chuma kinachotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma vichakavu kinatoa kidogo kuliko hapo, lakini bado kinakula umeme na mafuta ya lori. Kutotupa chuma ni njia ya kulinda mazingira ambayo haituombi pesa yoyote. Inatuomba kalamu, metri na uangalifu.

Kwanza: chuma kinafanya kazi gani?

Betoni ina nguvu sana ukiikandamiza, lakini ukiivuta inapasuka haraka. Nguvu yake ya kuvutwa ni karibu sehemu moja tu ya kumi ya nguvu yake ya kukandamizwa. Chuma ndicho kinachobeba mvuto. Na bahati nzuri, betoni na chuma vinatanuka karibu sawa kwenye jua, ndiyo sababu vinaweza kuishi pamoja miaka mingi bila kuachana.

Tunasema hili mapema ili tuelewane: kupunguza upotevu si kupunguza chuma ndani ya nguzo. Ni kupunguza kile kinachobaki chini. Mtu akichanganya haya mawili, ataua watu.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue mfano. Nyumba ina nguzo 8. Kila nguzo inaomba vyuma 4 vya 10, kila kimoja metri 3,40 pamoja na mguu wake wa chini. Jumla vipande 32. Tena kuna linto 3, mlango mmoja na madirisha mawili, kila linto vyuma 4 vya metri 1,70. Jumla vipande 12. Dukani chuma kinauzwa kwa urefu wa metri 12.

Namna ambayo tunaona mara nyingi ni hii. Leo ni siku ya nguzo: masoni anakata vipande vitatu vitatu, 3,40 mara tatu ni 10,20. Kila chuma kinabakiza 1,80. Anatumia vyuma 11. Vipande vilivyobaki vinatupwa pembeni. Wiki mbili baadaye ni siku ya linto. Vile vipande haviko tena. Anaomba vyuma vingine 2, anakata 1,70 saba kwa kila kimoja. Jumla vyuma 13, yaani metri 156. Ndani ya nyumba ziko metri 129,20. Metri 26,80 hazimo: ni zaidi ya vyuma viwili vizima, karibu asilimia 17 ya kila kilicholipwa.

Sasa namna ya pili. Mbele ya kukata hata kipande kimoja, tunaandika vipande vyote vya nyumba nzima kwenye karatasi moja. Tunaona mara moja kwamba 1,80 inayobaki kwa nguzo inatosha linto ya 1,70. Vyuma 10 vinatoa vipande vitatu vya nguzo na kimoja cha linto. Chuma cha 11 kinatoa viwili vya nguzo na viwili vya linto, na kinabakiza 1,80 nzima. Vyuma 11 vimemaliza kazi yote. Kilichobaki ni metri 2,80 tu, na ndani yake kipande kimoja bado kinafaa.

Nguzo ni zile zile na linto ni zile zile, hakuna aliyepunguza kitu. Tofauti ni vyuma 2 kwa nyumba. Mtu atasema: viwili tu? Kwa nyumba 20 ni vyuma 40. Vinatosha nguzo na linto za nyumba 3 nyingine, na vinabaki 7. Familia tatu.

Etriye nazo ni vilevile. Kwa nguzo ya sentimetri 20 kwa 20, tukiacha sentimetri 2,5 za betoni kila upande, pete inakuwa 15 kwa 15. Ukiongeza kulabu zake mbili, unakata sentimetri 75. Chuma cha 6 chenye metri 12 kinatoa pete 16 kamili. Masoni akikadiria kwa jicho akakata 85, anapata 14. Kwa pete 160, mmoja anatumia vyuma 10, mwingine vyuma 12. Zile sentimetri kumi hazikuongeza nguvu yoyote, zimening'inia tu ndani ya nguzo.

Mambo haya si ujanja wetu wa Bunia. Karibu mwaka 1938, kiwanda cha mbao cha Leningrad kilimpelekea mwanahesabu Leonid Kantorovich swali la namna ya kugawa kazi na mbao kwenye mashine zake ili kisipoteze. Mwaka 1939 alitoa kitabu kidogo juu ya njia yake, na ndani yake aliweka pia swali la kukata vitu bila kuacha mabaki mengi. Mwaka 1975 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Leo viwanda vikubwa vinatumia kompyuta kwa kazi hiyo. Sisi kwa nyumba moja tunaweza kwa penseli, mtoto wa darasa la sita akitusaidia kujumlisha.

Lakini pima mbele ya kuandika

Karatasi haina maana ikiwa chuma chenyewe si kile tulichofikiri. Mambo matatu.

Jambo la kwanza, urefu. Chuma cha «metri 12» pengine ni 11,80. Hapo hesabu yetu inavunjika: 3,40 mara tatu inabakiza 1,60, na linto ya 1,70 haiingii tena. Kwa hiyo tunapima dukani, si kwenye shantiye, na tunapanga kwa urefu wa kweli.

Jambo la pili, kukunjwa. Vyuma vingi vinafika vimekunjwa katikati, juu lori ni fupi ao vinabebwa na pikipiki. Chuma kilichokunjwa kwa kona kali kisha kikanyooshwa kwa nyundo kinaweza kupasuka pale pale kwenye kona. Ukiikwepa ile kona, kila nusu ya metri 6 inatoa kipande kimoja tu cha nguzo, na nyumba yetu inaomba vyuma 16 badala ya 11. Ona bei ya usafiri wa rahisi! Tukinunua pamoja, nyumba kumi kwa mara moja, tunaweza kulipa gari refu na vyuma vikafika vimenyooka.

Jambo la tatu, unene. Hapa tunaomba kila mtu asikie vizuri. Chuma kinachoitwa cha 8 pengine ni cha 7. Kwa macho huoni tofauti. Lakini nguvu inafuata eneo la chuma, si upana wake: kutoka 8 kwenda 7 unapoteza karibu robo ya nguvu. Mzani hausemi uongo. Chuma cha metri 12 kinatakiwa kuwa na uzito huu: cha 6, kilo 2,66, cha 8, kilo 4,74, cha 10, kilo 7,40, cha 12, kilo 10,66. Anayetaka kukumbuka kanuni moja tu: zidisha unene kwa unene, gawa kwa 162, unapata kilo za metri moja. Chuma cha «8» kikileta kilo 3,6 kwenye mzani, hicho ni cha 7. Mwachie mwenye duka. Mzani wa kupimia maharagwe unatosha kwa kazi hii.

Mahali ambapo haturuhusu kuokoa

Tunakaa kwenye bonde la ufa. Ziwa Albert lenyewe limekaa ndani ya ule ufa. Tarehe 20 Machi 1966 ardhi ilitetemeka vibaya upande wa Toro, mpakani mwa Uganda na Kongo, na watu wengi wakafa. Tarehe 3 Februari 2008 ilikuwa Bukavu. Nyumba zinazoua watu siku hiyo ni zile zenye nguzo zisizofungwa vizuri.

Kwa hiyo: idadi ya etriye haipunguzwi. Kulabu inakunjwa kuingia ndani kabisa ya betoni, haiishii kona tu. Mahali vyuma viwili vinapoungana, vinapandana mara 40 hadi 50 ya unene wake: kwa chuma cha 10 ni sentimetri 40 hadi 50. Na hapa kuna mtego. Mtu akisikia «tumieni vipande», anaweza kuunganisha vipande vitatu vifupi kutengeneza chuma kimoja cha nguzo. Huyo anapoteza mara mbili: kila kiungo kinakula karibu nusu metri ya chuma, na nguzo inadhoofika. Kipande kinatumika pale tu urefu wake unapotosha kazi. Wala vipande vidogo havitumiki kutenganisha chuma na mbao za kofraji, juu vitashika kutu kutoka nje na kupeleka kutu ndani. Kazi hiyo ni ya vijiwe vidogo vya sima na mchanga, vya sentimetri 2,5.

Tena, kuna mahali chuma hakihitajiki kabisa. Msingi wa mawe uliojengwa vizuri kwenye ardhi imara unasimama bila chuma. Na kifuniko cha choo? Huko Msumbiji, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, walitengeneza kifuniko cha choo cha duara chenye umbo la kuba, upana wa metri 1,50, bila chuma hata kimoja. Kuba inageuza uzito wote kuwa mkandamizo, na mkandamizo ndio betoni inaupenda. Kila kifuniko kinajaribiwa mbele ya kutumika: watu wanasimama juu yake kikiwa bado nje ya shimo. Tukifanya vyoo vingi, tujifunze kuba hiyo. Chuma kilichookolewa kiende kwenye shenaji.

Sasa tuseme lile ambalo watu wanalisemea pembeni

Vipande ni vya nani?

Kwa desturi ya shantiye nyingi, kinachobaki ni cha masoni. Anakiuza kwa mhunzi ao kwa wanunuzi wa vyuma vichakavu, kwa kilo, kwa bei ndogo sana kuliko ile tuliyonunulia. Wanachama wengine wanaita hiyo wizi. Tumewasikia. Lakini tumewasikiliza na wamasoni, na neno lao pia lina uzito. Wanasema: tunalipwa kwa kuchelewa, pengine juma tatu, na ile chuma ndiyo sabuni na chumvi ya nyumba yetu. Mkitunyima vipande, mtakuwa mmetunyima nini tena?

Sisi tunaona hivi. Masoni ambaye kipande ni mshahara wake hawezi kupenda karatasi ya kukata. Hata akiwa mtu mwema, kila hesabu nzuri inamtoa kitu mfukoni. Kukata vibaya kunamlipa, kukata vizuri kunamwacha na njaa. Hapo hata ukiweka mlinzi juu ya kila chuma, chuma kitapotea. Shida imeanzia kwa namna tunavyolipa.

Na sisi wa miradi tusijitoe. Katika devi nyingi kuna mstari wa upotevu: asilimia 5, asilimia 10. Mstari huo ukishaandikwa, unaliwa. Hakuna anayeulizwa ulikwenda wapi, juu ulishahesabiwa kuwa umepotea tangu mwanzo. Mfadhili analipa, mwanachama analipa, na nyumba haipati kitu.

Tunayoyapendekeza kwa mkutano

Tunaleta mambo sita. Mtayajadili na kuyapigia kura, si sisi wa kuamua.

1. Hakuna chuma kitakachokatwa mbele ya karatasi ya kukata ya nyumba nzima kuandikwa na kusainiwa na masoni, mwenye nyumba na mtu mmoja wa komite. Karatasi ibandikwe kwenye depo, kila mtu aisome.

2. Tununue kwa pamoja, nyumba nyingi kwa mara moja. Watu wawili waende dukani na metri na mzani. Chuma kisichofika uzito kisipandishwe kwenye gari.

3. Vyuma vilale juu ya mbao, chini ya turubai. Kutu nyepesi haina neno. Kutu inayobanduka kwa magamba imeshakula chuma.

4. Vipande vyote kuanzia sentimetri 70 viandikwe kwenye daftari na kuwekwa kwa urefu wake: vya etriye, vya linto, vya shenaji. Kipande kisichofaa nyumba hii kinangojea nyumba ijayo.

5. Masoni alipwe siku iliyoandikwa kwenye mkataba. Na akimaliza kwa vyuma pungufu kuliko devi, bila kugusa nguvu ya nyumba, nusu ya bei ya kilichookolewa iwe yake, kwa pesa, siku ya kumaliza. Nusu nyingine iingie kwenye sanduku la chama. Chuma kipimwe na kuhesabiwa mbele ya betoni kumwagwa, ili asiwepo wa kuokoa kwa kupunguza etriye.

6. Vipande vifupi kabisa viuzwe na chama kwa mhunzi, na bei isomwe mbele ya mkutano. Ikiwa ni franka chache, zisomwe hivyo hivyo chache.

Jambo la tano ndilo litakaloleta maneno. Mzee mmoja ametuambia tayari: kwa nini tumlipe mtu ili asitupotezee? Ni swali zuri. Jibu letu ni kwamba leo pia tunamlipa, ila tunamlipa kwa chuma cha bei ya juu ambacho yeye anakiuza bei ya chini. Katika njia hiyo yeye anapata kidogo, sisi tunapoteza mingi, na urafiki unaharibika. Heri tumlipe mbele ya watu wote, kwa kazi nzuri aliyoifanya. Na wengi wa hao wamasoni ni watoto wetu, waliokimbia pamoja na sisi na wakarudi pamoja na sisi. Chama cha kusaidiana kikiwafanya waibe ili wale, hakistahili jina lake.

Kwa wafadhili tunaomba neno moja. Msitupunguzie bajeti kwa sababu tumeokoa chuma. Mtuachie kile kilichookolewa kijenge nyumba nyingine, nasi tutawaonyesha karatasi za kukata, daftari la vipande na uzito wa kila ununuzi. Mkikata kile tunachookoa, mtatufundisha kutookoa.

Na kwa wanachama: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tumejenga kuta nyingi mara mbili, wengine mara tatu, si kwa kosa letu. Vita hatukuichagua. Lakini namna ya kukata chuma, hiyo iko mikononi mwetu.

Karatasi ya mfano iko kwa katibu, pamoja na orodha ya uzito. Anayetaka ainakili. Kura itapigwa mkutano ukirudi, na tunaomba wamasoni nao waalikwe, wakae mbele, waseme.